Mashine Ikinyamaza, Nani Anajua Kilichotokea?

Kwenye kizuizi cha mazao katika wilaya kama Kongwa, mkusanya ushuru husimama na mashine ndogo ya POS mkononi. Lori la mahindi linaloelekea soko la Kibaigwa linasimamishwa, magunia yanahesabiwa, mashine inatema risiti, na taarifa ya fedha hiyo inatakiwa ifike halmashauri na kwenye mfumo mkuu wa mapato. Mtandao ukiwepo, hakuna la kusimulia. Usipokuwepo, mashine inanyamaza, na matatizo yanaanzia hapo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimeeleza zaidi ya mara moja kwamba mashine za kukusanyia mapato ya halmashauri hukaa muda mrefu bila kuwa hewani, na kwamba kuna makusanyo yasiyofikishwa benki. Kwa mtu aliyekaa makao makuu, mashine iliyoibwa, iliyozimwa makusudi, iliyoishiwa chaji na iliyo bondeni kusikofikiwa na mnara zote ni sawa. Hazisikiki, basi. Mkaguzi anaweza kumshuku mkusanya ushuru mwaminifu, na anaweza vilevile kumwachia mwizi kwa kuamini kisingizio cha mtandao.

Kuna taaluma inayoshughulika na ukimya wa namna hiyo. Ni taaluma ya mifumo ya kompyuta iliyosambazwa, yaani kompyuta nyingi zilizo mahali mbalimbali, zinazofanya kazi moja kwa kupelekeana ujumbe, bila saa moja ya pamoja, na kila moja ikiweza kuzimika wakati wowote bila kuziaga nyingine. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huionja juujuu. Huingiwa kwa undani katika uzamili na uzamivu, mtu anapopewa muda wa kusoma uthibitisho wa kihisabati na kujiuliza mfumo utafanya nini pale ambapo sehemu yake moja haijibu. Hoja yangu ni kwamba taaluma hii inaihusu Dodoma kuliko mji mwingine wowote wa Tanzania, na kwamba tukiendelea kuiona kama anasa ya mataifa tajiri tutazidi kujenga mifumo ambayo ikikwama hakuna mtu nchini anayeweza kusema imekwamia wapi.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kweli baada ya tangazo la Julai 2016, na leo wizara ziko Mtumba. Pamoja na wizara zimekuja mifumo yao na watu wanaoiamulia. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakipitia mfumo wa GePG, ule unaompa mwananchi kontroo namba. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao meno ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Mwaka 2023 manunuzi ya umma yalianza kuhamia kwenye mfumo wa NeST. Sasa agizo linalosikika kila mahali ni kwamba mifumo isomane: wa ardhi usomane na wa kodi, wa hospitali usomane na wa bima, wa vitambulisho usomane na yote. Ni agizo la haki kabisa, kwa sababu mwananchi amechoka kubeba nakala zilezile kutoka dirisha moja hadi jingine. Ila kila mifumo miwili inapounganishwa, pamezaliwa mahali papya pa kukatika. Mfumo unaosimama peke yake huwa unafanya kazi au haufanyi. Mifumo kumi inayotegemeana inaweza kufanya kazi nusu, na kazi iliyofanyika nusu ni ngumu kuigundua kuliko iliyokwama moja kwa moja.

Msingi wa taaluma hii uliwekwa na Leslie Lamport, Mmarekani aliyechapisha 1978 makala kuhusu wakati na mpangilio wa matukio. Alionyesha kwamba katika kompyuta zilizotawanyika huwezi siku zote kusema tukio gani lilitangulia kwa kutazama saa, kwa kuwa saa za mashine hutofautiana. Unachoweza kukijua kwa hakika ni uhusiano wa sababu: ujumbe hauwezi kupokelewa kabla ya kutumwa. Anayedhani hilo ni jambo la darasani tu na afikirie zabuni inayofungwa saa nne kamili asubuhi. Kampuni ya Singida imebonyeza kitufe saa nne kasoro sekunde mbili kwa saa ya kompyuta yake, mtandao ukachelewesha, seva ikapokea saa nne na sekunde tatu kwa saa yake yenyewe, na seva ya pili inayohifadhi nakala ikaandika muda mwingine tena. Saa ya nani ndiyo halali? Lazima jibu liwe limeandikwa kwenye muundo wa mfumo kabla ya siku ya ugomvi. Wa kuliandika ni mtu anayeelewa kwa nini saa ya ukutani haitoshi.

Miaka saba baadaye, 1985, Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha jambo lililowashtua wenzao. Kama ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, na kama mashine hata moja tu inaweza kuzimika, hakuna utaratibu usiotegemea bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kwamba mashine zote zilizobaki zitafikia uamuzi mmoja. Kiini chake ni kwamba mashine iliyokufa na mashine iliyochelewa, ukizitazama kutoka mbali, hazitofautiki. Ukisubiri, huenda unamsubiri marehemu. Ukiacha kusubiri, huenda umemzika aliye hai. Hawakusema kwamba kazi haiwezekani. Walisema kila mhandisi atalazimika kuchagua atoe sadaka kitu gani, na mhandisi asiyejua kwamba kuna uchaguzi atakuwa amechagua bila kujua.

Chukua seva mbili, moja Dodoma na nyingine Dar es Salaam, umbali wa kama kilometa 450 kwa barabara. Wengi huamini kwamba ya pili ikiwepo kama akiba, mfumo uko salama. Sasa waya baina yao ukatwe na katapila linalochimba mtaro. Kila seva inaiona nyingine imenyamaza. Zote mbili zikiamua kuendelea, kila moja itaandika miamala yake, na mawasiliano yakirudi kutakuwa na vitabu viwili vya hesabu visivyolingana. Zote mbili zikiamua kusimama, huduma imekufa ingawa seva zote ni nzima. Mbili haziwezi kujitoa katika mtego huo. Ongeza ya tatu, tuseme Mwanza, na uweke sharti kwamba hakuna kinachoandikwa mpaka mbili kati ya tatu zikubaliane. Yoyote itakayotengwa itajijua kuwa iko upande wa wachache na itasimama, huku mbili zikiendelea. Zikiwa tano, zinastahimili kupoteza mbili. Huo ndio msingi wa utaratibu wa Paxos, ambao Lamport aliuchapisha 1998, na wa Raft, uliotolewa 2014 kwa lengo la kueleweka kwa urahisi zaidi. Ukiusoma kwenye karatasi unaonekana rahisi. Kuuandika bila kosa ndiko kunakowatesa wanafunzi wa uzamili duniani kote, kwa sababu ujumbe hupotea, hurudiwa, hufika kinyumenyume, na seva iliyokuwa ikiongoza nyingine na kudhaniwa imekufa huamka na kuendelea kutoa amri.

Kuna chaguo jingine ambalo si la wahandisi peke yao. Mwaka 2000 Eric Brewer wa California alitoa dhana, na 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha, kwamba mawasiliano yakikatika mfumo hauwezi kubaki sahihi na wakati huohuo ukaendelea kumhudumia kila anayeufikia. Lazima kimoja kipungue. Tuulete uamuzi huo nyumbani. Zahanati ya kijiji huko Bahi ikikatika mtandao, mgonjwa lazima atibiwe na dawa itolewe, kumbukumbu zitaunganishwa baadaye. Hapo huduma inatangulia. Kwenye hati za viwanja ni kinyume chake. Migogoro ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili imeisumbua Dodoma kwa miaka mingi, tangu enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu iliyovunjwa 2017. Kwa hiyo mfumo wa ardhi usiokuwa na uhakika na kumbukumbu zake unapaswa kukataa kugawa hata kama foleni inafika barabarani. Ni nani anayefanya uamuzi huo leo? Mara nyingi umeshafanywa na programu iliyonunuliwa, kwa mpangilio iliyokuja nao kutoka kiwandani.

Malipo ndiyo mahali ambapo mwananchi wa kawaida hukutana na taaluma hii bila kuambiwa. Mfanyabiashara wa Kibaigwa analipia mahindi kwa simu. Anaingiza namba ya siri, skrini inazunguka, kisha kimya. Kuna mambo matatu yanayowezekana: ombi halikufika, au lilifika na fedha ikahama lakini jibu likapotea njiani, au bado linasafiri. Yeye hana njia ya kujua ni lipi. Akibonyeza tena, mfumo uliojengwa vibaya utamkata mara mbili. Uliojengwa vizuri huipa kila nia ya kulipa namba yake ya pekee, na seva ikiona namba iliyokwisha kuitekeleza hutoa jibu lilelile la mwanzo bila kuhamisha senti nyingine. Kanuni hiyo ni ndogo, lakini lazima ifuatwe kuanzia kwenye simu hadi kampuni ya simu, benki, mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu na GePG kama ni malipo ya serikali. Kiungo kimoja kikiisahau, ulinzi wote umevuja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuruhusu fedha zihame kutoka kampuni moja ya simu hadi nyingine, kuanzia 2014, hivyo nchi hii ina uzoefu mrefu wa tatizo hili. Uzoefu huo umekaa vichwani mwa mafundi wachache. Haujaandikwa katika tasnifu ambazo kizazi kinachofuata kingeweza kuzisoma.

Si kila data inahitaji makubaliano makali kiasi hicho, na kujua tofauti hiyo ni sehemu kubwa ya usomi wenyewe. Sensa ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi mikononi mwa makarani waliozidi laki mbili, wengi wao wakizunguka vijiji ambavyo mtandao ni wa kubahatisha. Kazi iliwezekana kwa sababu kila kaya ilikuwa na karani wake mmoja katika eneo lake. Kishikwambi kinaweza kukaa kimya siku nzima, kikipata mtandao kinapeleka kilichokusanya, na hakuna karani mwingine aliyeandika jambo tofauti kuhusu kaya hiyohiyo. Taarifa za namna hiyo huungana bila ugomvi. Salio la akaunti haliko hivyo, maana watu wawili wanaweza kutaka kutoa shilingi ileile kwa wakati mmoja. Utafiti wa miaka ya karibuni umezalisha miundo maalumu ya data inayoungana sawasawa hata ujumbe ukifika kwa mpangilio wowote. Kwa nyanda kavu za kati, ambako wafugaji huhama na mifugo yao na mtoto huweza kuchanjwa kituo kimoja kisha akatakiwa dozi inayofuata kituo kingine cha mbali, naiona sehemu hii ya utafiti kuwa na manufaa ya karibu kuliko zote.

Hata ile mashine ya ushuru ina dawa yake, walau kwa sehemu. Kila risiti inaweza kupewa namba ya mfululizo na kubeba ndani yake alama ya kihisabati inayotokana na risiti iliyotangulia. Mashine ikirudi hewani baada ya siku tatu, seva inaupitia mnyororo huo. Ukikamilika, ukimya haukuficha risiti iliyonyofolewa katikati. Risiti ikiwa imenyofolewa katikati, mnyororo unakatika waziwazi na mahali pa kukatika panaonekana. Hautamnasa anayepokea fedha bila kugusa mashine kabisa, hilo lazima lisemwe, wala hautarudisha risiti za mashine iliyoibwa kabla haijarudi hewani. Lakini utamwondolea lawama mkusanya ushuru mwaminifu wa kijiji kisicho na mnara, jambo ambalo adhabu na semina haziwezi kulifanya.

Wapo wanaouliza kwa nini tuyasome yote haya wakati kampuni kubwa za nje zimeshayatatua na zinauza huduma zake kwa saa. Ni pingamizi zito, na ni kweli kwamba taasisi nyingi zingefanya vizuri kukodi kuliko kujenga. Lakini anayekodi bado huamua mwenyewe ujumbe ukipotea afanye nini, na mwenye nyumba hamsaidii katika hilo. Tena, vituo vikubwa vya kampuni hizo viko mbali. Hata kimojawapo kilicho katika bara hili, cha Amazon kilichofunguliwa Cape Town 2020, kiko zaidi ya kilometa 3,500 kutoka Dodoma hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Katika siku kama hiyo, huduma inayoweka kumbukumbu zake ndani ya nchi inaweza kukwama vilevile kwa kuwa hatua moja ndogo, labda ya kuhakiki nywila, hupitia nje. Kujua mfumo wako unategemea nini bila wewe kukusudia ni kazi ya kitaalamu. Kenya ilishaliona suala hili: mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza huko 2007, ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Nairobi 2015.

Wengine husema tuachane na kutawanya, tuweke kila kitu kwenye seva moja kubwa, tuilinde vizuri. Kwa nusu nakubaliana nao. Halmashauri yenye watumiaji mia mbili haihitaji mashine tano zinazopigiana kura, na mhitimu anayependekeza hivyo hakuelewa alichosoma. Kutawanya bila sababu huongeza mambo ya kuharibika. Hata hivyo, mfumo wa serikali yenye mikoa kuanzia Kagera hadi Mtwara umeshatawanyika tangu siku ulipowekwa kwenye simu mkononi mwa mtumiaji wa kwanza, maana simu hiyo nayo ni sehemu ya mfumo, na ndiyo hukatika mara nyingi zaidi. Seva moja haikuondolei tatizo la ukimya. Linabaki kati yake na mtumiaji.

Pingamizi la vifaa ndilo linalosikika zaidi vyuoni, na ndilo lisilo na nguvu. Taaluma hii haihitaji kompyuta kubwa ili kuanza. Mazoezi ya somo linalofahamika sana la chuo cha MIT, ambako mwanafunzi hujenga Raft mwenyewe hatua kwa hatua, yako wazi kwa yeyote na yanaendeshwa kwenye kompyuta mpakato moja, huku programu ikiigiza mtandao unaopoteza ujumbe. Lamport alitengeneza pia lugha ya kuandika na kuhakiki miundo, TLA+, isiyo na gharama. Wahandisi wa Amazon walieleza 2015 jinsi ilivyowafichulia makosa ambayo majaribio ya kawaida hayakuyaona, likiwemo moja lililohitaji hatua 35 zifuatane ndipo litokee. Hakuna mjaribu anayeweza kubahatisha hatua 35. Anahitaji hisabati na subira, na vyote viwili vinapatikana katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 na chenye ndaki nzima ya masomo ya kompyuta na elimu angavu. Tena mtandao dhaifu na umeme unaokatika, ambavyo watafiti wa kwingineko huviiga maabara, hapa vipo vyenyewe. Kinachopungua ni wasimamizi wenye muda, na mada za tasnifu zinazotoka kwenye mifumo halisi. Tasnifu inayotengeneza mfumo mwingine wa kusajili wanafunzi kisha kuwauliza watumiaji kama wameupenda haijibu swali lolote gumu.

Kuhusu waajiri wanaodai vyeti vya zana fulani badala ya nadharia, jibu liko kwenye umri wa vitu vyenyewe. Zana zilizokuwa zikitafutwa 2010 nyingi zimesahaulika, ilhali makala ya 1978 bado inasomwa. Kuhusu wahitimu kukimbilia nje, hofu ni ya kweli. Mtaalamu wa fani hii ana soko popote, na mshahara wa utumishi wa umma hauwezi kushindana na wa kampuni ya Ulaya. Lakini watu huondoka pia kwa kukosa kazi inayolingana na walichosoma. Aliyetumia miaka minne ya uzamivu akichunguza kwa nini mifumo hukubaliana au hushindwa kukubaliana, kisha akapangiwa kufunga printa na kubadilisha nywila za wakubwa, hajafukuzwa na mshahara pekee.

Jambo moja lingeweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya. Taasisi za umma zilizoko Dodoma huhifadhi kumbukumbu za hitilafu: saa ambayo kiungo kilikatika, ombi lililorudiwa, jibu lililochelewa na kwa sekunde ngapi, mashine ipi ilinyamaza na kwa muda gani. Ndani yake hakuna ulazima wa jina la mtu wala namba ya simu, na zikisafishwa ipasavyo zinaweza kutolewa kwa watafiti bila kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zisipotunzwa, hufutwa diski ikijaa. Mwanafunzi mmoja wa uzamili akipewa za mwaka mmoja, za mfumo mmoja, pamoja na ruhusa ya kuchapisha alichokiona, ataweza kuonyesha kwa takwimu ni mara ngapi ukimya wa mashine ya kwenye kizuizi cha mazao ulitokana na mnara, ni mara ngapi ulitokana na betri, na ni mara ngapi hakuna sababu ya kiufundi inayoueleza.